Safu ya Wasomaji: Anayetangaza Magongo ya Barafuni Hujifunzia Wapi?

*Shikamoo, mzee wa safu. Mimi ni kijana wa miaka 21, mkazi wa Mwanga, Kigoma. Jumapili hutangaza mechi za ndondo kwa kipaza sauti cha kukodi, na vijana wenzangu wanasema ninaweza. Mwezi uliopita, nikiwa zamu ya usiku katika nyumba ya wageni ya mjomba wangu, niliwasha king'amuzi nikakuta watu wanacheza mpira wa magongo juu ya barafu. Sikuelewa kanuni hata moja, lakini mtangazaji alinishika mpaka kukakucha. Alikuwa akitaja majina mfululizo kama mtu anayeita abiria wa meli, na kila jina lilikuwa na mwenyewe pale uwanjani. Naomba kujua watu hawa wanasomea wapi, wanaanzaje, na kama mtu wa huku kwetu anaweza kuifanya kazi hiyo. Wenzangu wamenicheka, wanasema barafu tunayoijua sisi ni ya kuhifadhia migebuka.*
*— Kijana wa Mwanga, Kigoma*

Marahaba, mwanangu. Hao wanaokucheka waache kwanza, kwa sababu swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoletewa, na mimi mwenyewe niliwahi kushika kipaza sauti kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia kwenye kalamu.

Nianze na mchezo wenyewe, kwa kadiri unavyomhusu mtangazaji. Kila timu inakuwa na wachezaji 6 uwanjani, kipa akiwemo. Uwanja wa ligi kuu ya Amerika Kaskazini, ijulikanayo kwa kifupi kama NHL, una urefu wa takribani mita 61 na upana wa mita 26, yaani mdogo sana kuliko Uwanja wa Lake Tanganyika unaoujua, na umezungukwa na ukuta mfupi ambao paki huugonga na kurudi mchezoni. Paki ndiyo mpira wao: ni kisahani cha mpira mgumu mweusi, kipenyo chake sentimita 7.6, uzito wake takribani gramu 170, na kikipigwa vizuri huvuka kasi ya kilomita 160 kwa saa. Mchezo una vipindi 3 vya dakika 20, na saa husimama kila filimbi inapopulizwa.

Hayo yote si kitu. Linalomtoa jasho mtangazaji ni mabadiliko ya wachezaji. Kwenye soka kocha akitaka kubadilisha, mpira husimama, ubao wa namba huinuliwa, na wewe unapata nafasi ya kunywa maji. Kwenye barafu mchezaji hukimbia kwa nguvu zake zote kwa muda usiofika dakika moja, kisha huruka ukuta kuingia benchi huku mwenzake akiruka kutoka, na mchezo unaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Timu huja na wachezaji 18 wa mbele na nyuma pamoja na makipa 2, kwa hiyo mtangazaji anabeba majina 40 kichwani, ya Wafini, Warusi, Wacheki, Wasweden na Wakanada, na kila baada ya sekunde chache watu walioko mbele yake si wale aliokuwa akiwataja. Hana muda wa kuangalia karatasi. Jina linatakiwa litoke kinywani kabla jicho halijamaliza kusoma namba ya mgongoni.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii haionekani kwenye televisheni. Asubuhi ya siku ya mchezo timu hufanya mazoezi mepesi, na mtangazaji huwa yupo ukutani akitazama: huyu anashika gongo kwa mkono wa kushoto, yule ana mwendo wa kuinama, yule mwingine amefunga kamba za kofia vibaya. Hao ndio anaowatambua usiku hata namba ikifichika. Humfuata mchezaji mgeni na kumwuliza jina lake linatamkwaje kwao, jambo ambalo watangazaji wetu wengi hawalifanyi, na ndiyo maana mchezaji mmoja wa Kiburundi akicheza Kigoma huitwa kwa majina matatu katika kipindi kimoja. Kisha mtangazaji huandika karatasi yake kwa mkono, kwa rangi, kila timu upande wake, pamoja na mambo mawili matatu kuhusu kila mchezaji ambayo huenda asiyatumie kabisa. Karatasi ile kazi yake imekwisha pindi anapomaliza kuiandika.

Umeuliza wanasomea wapi. Wengine walipita vyuo vya utangazaji, lakini wengi ukiwafuatilia utakuta walianzia sehemu inayofanana na hiyo ndondo yako. Mike Emrick, Mmarekani aliyekuwa sauti ya mchezo huu katika televisheni ya NBC, alisoma hadi akapata shahada ya uzamivu mwaka 1976, na ndiyo sababu watu walimwita Daktari. Shahada hiyo haikumpa kazi. Kabla ya hapo alikuwa akifundisha chuoni na kuandika habari za timu ya Pittsburgh kwa gazeti dogo bila kulipwa, ili tu apate ruhusa ya kuingia uwanjani na kukaa karibu na kazi aliyoitaka. Mwaka 1973 akapata nafasi katika timu ya ligi ya chini huko Port Huron, Michigan. Alistaafu mwaka 2020, miaka 47 baadaye. Katika mchezo mmoja wa Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2014 kuna aliyekaa akahesabu vitenzi alivyovitumia kueleza mwendo wa paki, akapata 153. Sisi tukitangaza soka tuna «anatoa», «anapokea», «anatoa tena», na jioni inakwisha.

Bob Cole naye alitoka Newfoundland, kisiwa cha wavuvi mashariki kabisa mwa Kanada, mahali ambapo watu wa Toronto walipatazama kama watu wa Dar es Salaam wanavyoitazama Kigoma: mwisho wa reli. Mwaka 1956 alichukua mkanda wa sauti aliokuwa amejirekodi, akaenda nao Toronto katika ofisi ya mtangazaji mkongwe Foster Hewitt, akitumaini kuuacha mapokezi. Hewitt akamwita ndani, akausikiliza naye, na akamweleza namna sauti inavyotakiwa kupanda kwa ngazi kufuatana na mchezo, isiwe juu tangu mwanzo ikakosa pa kwenda. Cole akaja kutangaza televisheni ya taifa kuanzia mwaka 1973 hadi 2019.

Na huyo Hewitt ndiye mzee wa wazee wote. Alianza mwaka 1923, kwenye redio, na kauli yake ya «anapiga, anafunga!» imekuwa mali ya kila mtoto wa Kanada. Uwanja wa Maple Leaf Gardens ulipokuwa ukijengwa mjini Toronto, naye akitakiwa kuchagua mahali pa kukaa, alikwenda kwenye jengo refu la maduka, akawa anapanda ghorofa moja baada ya nyingine na kuchungulia dirishani, akiwatazama wapita njia barabarani, mpaka akafika ile ambayo aliona vizuri mwendo wa watu bila kupoteza nyuso zao. Ilikuwa ghorofa ya tano. Kibanda chake kikatundikwa futi 56 juu ya barafu, na uwanja ukafunguliwa mwaka 1931. Fikiria hilo, mwanangu, unapotangaza ukiwa umesimama kwenye mstari wa pembeni, nyuma ya watu warefu. Tafuta hata meza.

Usije ukasoma habari za Al Michaels, mtangazaji wa Marekani, ukadhani kuna njia ya mkato. Ni kweli kwamba tarehe 22 Februari 1980, katika Olimpiki ya majira ya baridi mjini Lake Placid, vijana wa vyuo wa Marekani walipoifunga Muungano wa Kisovyeti mabao 4 kwa 3, aliyekuwa kwenye kipaza sauti alikuwa, kabla ya Olimpiki hiyo, ametangaza mchezo mmoja tu wa magongo ya barafuni maishani mwake, miaka minane nyuma, huko Sapporo. Lakini alikuwa na miaka mingi ya kutangaza michezo mingine nyuma yake. Sekunde za mwisho aliuliza watazamaji kama wanaamini miujiza, akajijibu mwenyewe kwamba ndiyo, na maneno hayo yakaishi kuliko mchezo. Maneno ya namna hiyo hayaandikwi usiku wa kuamkia mechi. Wapo wanaoyaandika, na husikika kama mtu anayesoma risala.

Nikukiri jambo langu. Katika mechi yangu ya pili au ya tatu, hapo hapo Lake Tanganyika, mshambuliaji alipiga shuti, nyavu zikatikisika, nami nikalia «gooooli!» hadi pumzi ikanikatika. Mpira ulikuwa umegonga wavu kwa nje. Baba yangu mdogo, aliyekuwa akisikiliza barazani Ujiji, alikuwa ameshawaagizia soda watu sita, na kwa miaka mingi kila alipokutana nami aliulizia soda zake. Watangazaji wa barafuni wana kinga dhidi ya aibu hiyo: nyuma ya kila goli kuna taa nyekundu, na mwamuzi hunyosha mkono kuelekeza golini. Kwa kuwa paki ni ndogo na hupotea kati ya miguu, mtangazaji mzoefu huwa na jicho moja kwenye paki na jingine kwenye mkono wa mwamuzi. Sisi hatuna taa, lakini tuna mwamuzi msaidizi na kibendera chake. Mtazame akikimbia kuelekea katikati ndipo upasue koo.

Kuhusu kama mtu wa huku anaweza: kutangaza ligi ya huko bila kuishi huko ni vigumu, sitakudanganya. Ila barafu haiko mbali kama wenzako wanavyodhani. Nairobi kuna hoteli ya Panari ambayo mwaka 2005 ilifungua uwanja mdogo wa kuteleza barafuni, na hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Kwa hapa nchini, ukitaka kuingia redioni au kwenye televisheni kama mwanahabari, ujue Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inadai ithibati, kwa hiyo usiidharau stashahada ya uandishi wa habari. Wakati unaitafuta, jirekodi kwa simu kila Jumapili, kisha Jumatatu sikiliza yote, hasa pale unapochukia kusikiliza. Halafu zima sauti ya hicho king'amuzi cha mjomba na utangaze ule mchezo wa barafu mwenyewe, wageni wakiwa wamelala.

*Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari wilayani Kasulu. Mwanafunzi wangu ameniuliza ikiwa mchezo wa barafuni unaweza kutangazwa kwa Kiswahili, nami nikakosa jibu. Je, msamiati upo, au tutaishia kutangaza Kiingereza chenye viambishi vya Kiswahili?*
*— Mwalimu, Kasulu*

Mwakeye, mwalimu. Swali hili ndilo lililonifanya niipe safu nzima mada hii, maana mtangazaji ni fundi wa lugha kabla ya kuwa mpenzi wa mchezo.

Wafaransa wa Kanada walipitia njia hii kabla yetu. Televisheni ilipoanza kuonyesha michezo ya Montreal mwezi Oktoba 1952, aliyekabidhiwa matangazo ya Kifaransa alikuwa René Lecavalier, mtu aliyekuwa ameripoti vita kuu ya pili kutoka Afrika Kaskazini. Alikuta wachezaji na mashabiki wa Quebec wakiuzungumzia mchezo wao kwa maneno ya Kiingereza yaliyovunjikavunjika, kwa sababu ndivyo walivyoupokea. Yeye akaanza, mchezo baada ya mchezo, kutumia maneno ya Kifaransa yaliyonyooka: paki akaiita «rondelle», shuti kali akaliita «lancer frappé». Hakutoa tangazo wala orodha. Aliyasema Jumamosi hii na Jumamosi ijayo, katika sentensi zinazoeleweka, huku watu wakiona kwa macho kinachotajwa, mpaka watoto wakayachukua na kwenda kuchezea mitaani. Hilo, mwalimu, ndilo somo la msamiati lililofanikiwa kuliko mengi ya darasani.

Karibu zaidi na wakati wetu ni Harnarayan Singh, kijana wa Kalasinga aliyezaliwa katika mji mdogo wa Brooks, jimbo la Alberta. Mwaka 2008 yalipoanza matangazo ya mchezo huu kwa Kipunjabi, alikuwa akiishi Calgary na studio iko Toronto, safari ya ndege ya saa kadhaa, na kwa muda mrefu nauli aliitoa mfukoni mwake kila wikiendi. Mwaka 2016, katika fainali, Nick Bonino wa Pittsburgh alipofunga, Singh alilirudia jina lake kwa mfululizo mmoja wa pumzi moja, «Bonino, Bonino, Bonino», na watu wasiojua neno moja la Kipunjabi wakaanza kuyatafuta matangazo hayo. Bibi na babu waliohamia Kanada wazee, ambao wajukuu wao walikuwa wakitazama peke yao, wakapata cha kuzungumza nao sebuleni.

Sasa Kiswahili. Tukumbuke kwamba «mpira wa magongo» ni neno letu la siku nyingi, na Tanzania ilipeleka timu ya wanaume ya mchezo huo, ule wa nyasi, katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Hatuanzi mikono mitupu. Ninapoutazama mchezo wa barafuni nikiwa na masikio yaliyolelewa na sauti za akina Ahmed Jongo na Charles Hilary, naona maneno yananijia yenyewe. Mchezaji akimgonga mwenzake kwa bega ukutani, hicho ni kikumbo. Akipeleka paki kutoka kwao hadi mwisho wa uwanja ili kujiokoa tu, amebutua, na kwa kanuni zao kubutua huko ni kosa ambalo mchezo husimamishwa na kurudishwa nyuma. Akitangulia paki kuvuka mstari wa bluu, ameotea. Mchezaji akipewa adhabu hutolewa kwa dakika 2, akakae kwenye chumba kidogo cha pembeni, na timu yake inacheza pungufu, neno ambalo kila mtoto wa Kasulu analielewa. Paki ikipita kati ya miguu ya kipa ni tobo, hakuna namna nyingine ya kulisema. Hata kanzu inawezekana, maana paki huinuliwa hewani kumvuka mtu.

Panapokwama ni pale mchezo unapoanzia, waamuzi wanapodondosha paki kati ya wapinzani wawili walioinama. «Dondosho» silipendi, lina harufu ya kamati. Mvuvi wa ziwa letu angesema wanaigombea, na mimi ningetangaza hivyo: «wanaigombea kushoto kwa kipa, anaipata...». Nisingeandika nomino, ningetumia kitenzi, kwa sababu katika kasi ile Kiswahili kina faida ambayo Kiingereza hakina. «Akampokonya» ni neno moja. Nani, lini, na kwa nani, vyote vimo ndani yake. Mwambie mwanafunzi wako aanze na hapo, na akipata jina zuri la paki kuliko «paki» aniandikie.

*Mzee, nina binti yangu wa kidato cha tatu, hana analolipenda kama kuigiza watangazaji wa mpira. Babu yake anasema hiyo ni kazi ya wanaume. Unamshauri nini?*
*— Mama wa Ujiji*

Mama, babu nimwombe radhi, lakini huko kwenye barafu, mchezo wa ubabe kuliko soka, Leah Hextall wa Kanada aliajiriwa mwaka 2021 na ESPN, televisheni ya michezo ya Marekani, kutangaza mechi za NHL, naye alikuwa ameshatangaza mechi ya ligi hiyo mwaka mmoja kabla, siku ya wanawake duniani, katika matangazo yaliyoendeshwa na wanawake watupu. Alitukanwa sana mwanzoni, tena na watu wasioweza kutaja majina matano mfululizo bila kujikwaa. Mwandae binti kwa hilo, na mwache aendelee kuigiza kwa sauti. Sauti isiyozoea kupazwa hupasuka, ya mwanamke na ya mwanaume.

*Swali fupi. Kwenye redio naelewa. Kwenye televisheni tunaona wenyewe kila kitu, kwa nini alipwe mtu kutuambia tunachokiona?*
*— Mwenye boti, Kibirizi*

Ndugu yangu wa Kibirizi, Wamarekani waliwahi kuuliza hivyo hivyo na wakajaribu. Tarehe 20 Desemba 1980 televisheni ya NBC ilionyesha mechi ya mpira wa Kimarekani kati ya timu za New York na Miami bila mtangazaji hata mmoja. Kulikuwa na picha, kelele za watu na maandishi. Haikurudiwa tena.

Hata hivyo una hoja kwa nusu. Mtangazaji wa televisheni anayesema kila kinachoonekana ni redio iliyopotea njia. Kwenye redio lazima useme paki iko kona gani na nani anaielekea. Kwenye televisheni jina peke yake linatosha, kwa sababu mtazamaji anaona kisahani cheusi lakini haoni ni nani kati ya wale wenye kofia zinazofanana. Maelezo ya kwa nini bao limeingia ni ya mchambuzi aliyeketi pembeni, naye husubiri filimbi. Wakati huo wote wawili wana sauti ya mwongozaji masikioni ikiwaambia marudio yanakuja au tangazo la biashara limebaki sekunde kumi. Na bao likishaingia, wazuri hunyamaza. Michaels, baada ya ile kauli yake ya Lake Placid, aliacha uwanja upige kelele wenyewe, wachezaji wakaonekana wakirukiana na kuangushana barafuni, naye yuko pale pale, kipaza sauti kiko wazi, kimya.